Immanuel Kant Katika Uzee Wake, na Jinsi Rafiki Zake Walivyomtunza

Wengi wamesikia jina la Immanuel Kant, yule mwanafalsafa wa Wajeremani ambaye vitabu vyake vyasomwa hata leo katika vyuo vikuu vya dunia yote. Wachache wamesikia jinsi alivyoishi miaka yake ya mwisho. Yeye aliyesifiwa kwa nguvu ya akili kuliko wenziwe wa wakati ule, alipozeeka akili hiyo ilimpungukia kidogo kidogo, hata asiwajue rafiki zake, wala asiweze kuandika jina lake mwenyewe. Twaona ya kuwa habari hii yafaa kusimuliwa katika sharika zetu, kwa maana kwetu nako wamo wazee wanaopatwa na jambo lilo hilo, na watu wa nyumbani mwao hawajui wafanyeje.

Kant alizaliwa tarehe 22 Aprili 1724 katika mji wa Königsberg, katika ufalme wa Prussia. Mji ule ulikuwa mji wa biashara karibu na bahari ya Baltiki. Leo waitwa Kaliningrad, nao umo katika nchi ya Urusi. Baba yake, Johann Georg, alikuwa fundi wa ngozi, akitengeneza hatamu na mikanda ya farasi. Mama yake aliitwa Anna Regina. Wote wawili walikuwa Walutheri wa lile kundi lililoitwa Wapietisti, watu walioshika sana sala za nyumbani, na kazi ya mikono, na unyofu wa moyo. Mali hawakuwa nayo. Mchungaji Franz Albert Schulz ndiye aliyetambua ya kuwa mtoto huyu amepewa kipawa, akawasaidia wazazi wake wampeleke shule. Basi tangu mwaka 1732 hata 1740 alisoma katika shule iliyoitwa Collegium Fridericianum. Mama yake alikufa mwaka 1737, naye mtoto alikuwa na miaka 13 tu. Hata alipokuwa mzee mwenye sifa kubwa, Kant hakuacha kumtaja mama yule kwa shukrani.

Mwaka 1740 aliingia chuo kikuu cha mji ule. Baba yake akafa mwaka 1746, na kijana akalazimika kujitafutia riziki. Akawa mwalimu wa watoto katika nyumba za matajiri kwa muda wa miaka kadha wa kadha. Mwaka 1755 akarudi chuoni kufundisha, lakini pasipo mshahara, akilipwa ada na wanafunzi waliokuja kumsikiliza. Hata mwaka 1770 ndipo alipofanywa profesa. Mwaka 1781 akatoa kitabu chake kikubwa, ambacho ndani yake alichunguza akili ya mwanadamu yaweza kujua mambo gani, na mambo gani haiwezi kuyafikia. Kitabu kile kiliwasumbua wasomi kwa ugumu wake, lakini baada ya miaka michache jina lake lilijulikana Ulaya yote. Mwaka 1785 akaandika juu ya maadili. Humo alifundisha ya kuwa kila kitu kina bei yake, lakini mwanadamu hana bei. Ana heshima ambayo haiwezi kununuliwa wala kubadilishwa, kwa hiyo ni haramu kumtumia mtu kana kwamba ni chombo tu.

Hatutaki kumpamba kupita kiasi. Alipokuwa mtu mzima hakuwa mtu wa kwenda kanisani. Tena katika kitabu alichokitoa mwaka 1764, na katika mafundisho yake juu ya aina za wanadamu, aliwadharau watu wa Afrika kwa maneno yasiyostahili, asikumbuke heshima ile ambayo yeye mwenyewe aliifundisha baadaye. Tena aliuweka msingi wa heshima hiyo juu ya akili: kwa kuwa mtu aweza kufikiri na kujiamulia lililo jema, kwa sababu hiyo ana heshima. Basi msomaji ataona swali lililo ndani ya maisha yake. Ikiwa heshima ya mtu yakaa juu ya akili yake, akili ikiondoka, je, heshima yabaki wapi? Jibu la swali hilo hatulipati katika vitabu vyake. Twalipata nyumbani mwake, katika mambo waliyomtendea watu waliomzunguka.

Ni lazima kwanza tueleze desturi za nyumba ile, kwa maana zilikuwa na maana kubwa baadaye. Kant hakuoa. Kwa muda wa miaka mingi aliishi kwa utaratibu usiobadilika. Saa kumi na moja alfajiri mtumishi wake alimwamsha, wala hakuruhusiwa kumwacha aendelee kulala, hata bwana wake akimsihi. Alikunywa chai peke yake, akavuta kiko kimoja, akaandaa mafundisho yake, akaenda kufundisha. Saa saba mchana aliketi mezani, na huo ndio mlo wake mmoja tu wa siku. Hakupenda kula peke yake. Tangu mwaka 1787 aliwaalika rafiki zake nyumbani kwake, wasipungue watatu pamoja naye, wala wasizidi tisa, wakazungumza habari za dunia kwa muda wa saa nyingi. Kisha alitoka kutembea, na watu wa mjini husimuliwa ya kuwa walijua saa kwa kumwona akipita. Saa nne usiku alilala. Mtumishi wake, Martin Lampe, askari wa zamani, alikaa naye karibu miaka 40.

Mwaka 1796, alipokuwa na miaka 72, Kant alifundisha chuoni mara ya mwisho. Karibu na mwaka 1799 rafiki zake wakaanza kuona dalili. Alisimulia hadithi moja mara kadha katika siku moja, asijue ya kuwa amekwisha kuisimulia. Mambo ya ujana wake aliyakumbuka waziwazi, bali mambo ya jana yalimtoka. Yeye mwenyewe alitambua. Aliwaambia wageni wake pasipo kuficha ya kuwa amekuwa mzee na dhaifu, na ya kuwa sasa hawana budi kumchukua kama mtoto. Ili asiwachoshe kwa kurudia maneno, akaanza kuandika mambo ya kuzungumza juu ya vipande vya karatasi, na migongo ya barua, na kila kijikaratasi kilichomwangukia mkononi. Vipande vile vikazidi kuwa vingi, vikapotea, au vikachanganyika, hata asiweze kukipata alichokitaka.

Hapa yaanza habari ya mtu wa pili, ambaye twamtaja kwa furaha. Jina lake Ehregott Andreas Christoph Wasianski, shemasi katika kanisa la Kilutheri la Tragheim, katika mji ule ule. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Kant, akamsaidia kazi ya kuandika. Kisha wakapotezana kwa muda, hata mwaka 1790 walipokutana tena katika karamu ya arusi, na Kant akamwalika mezani kwake. Hakuwa mtu wa ukoo wake, wala hakuwa mwanafalsafa mwenye sifa. Alikuwa mtu wa kanisa mwenye kazi zake nyingi, aliyependa pia kazi za mikono na kutengeneza vyombo vilivyoharibika. Kidogo kidogo, rafiki yake alipozidi kudhoofika, mambo yote ya nyumba ile yakawa juu yake, naye akawa akija kila siku.

Tazameni jinsi alivyofanya. Alipoviona vile vipande vya karatasi, hakumwambia mzee aache kuandika. Alimshonea vijitabu vidogo, kusudi maneno yake yakae mahali pamoja. Jambo hili ni dogo, lakini ndani yake mna njia yake yote: alitazama mzee anajaribu kufanya nini, kisha akamrahisishia lilo hilo.

Tena lilikuwako jambo la kahawa. Katika ugonjwa huu Kant alipoteza kipimo cha wakati. Dakika chache zilikuwa kwake kama saa nzima, na aliposikia ya kuwa kahawa italetwa baada ya chakula, hakuweza kungoja. Alilalamika ya kuwa itakuja hali yeye amekwisha kufa. Wengine wangemwambia ya kuwa ni dakika tano tu, na mabishano yasingekwisha. Wasianski aliagiza ya kuwa kahawa iwe imekwisha kusagwa na maji yawe yanachemka kabla mzee hajaitaja. Mara alipoitaja, ikatiwa, ikaletwa. Hivyo hapakuwa na neno la kubishania.

Tena jioni mzee alikuwa akisinzia juu ya kitabu chake, kichwa kikaangukia mishumaa, na kofia yake ya kulalia ikashika moto, si mara moja. Yeye aliivua kwa mikono mitupu, akaikanyaga hata moto ukazimika. Wasianski hakumnyima kitabu. Alimbadilishia namna ya kofia, akamzoeza kukaa mbali zaidi na mshumaa, akaweka maji karibu naye.

Miguu yake nayo ilidhoofika, akawa akianguka. Siku moja alianguka njiani, na wanawake wawili asiowajua wakaja wakamwinua. Alikuwa ameshika ua la waridi mkononi. Akawashukuru, akampa mmoja wao lile ua. Habari hii yatufundisha ya kuwa adabu aliyoizoea mtu hukaa ndani yake muda mrefu baada ya kumbukumbu kuondoka. Yatufundisha pia ya kuwa wanawake wale hawakusimama mbali kumcheka mzee aliyelala chini. Walimfanyia kama mtu angalimfanyia baba yake.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa la Lampe. Mtumishi huyu alikuwa amezeeka na kuzoea ulevi, na bwana wake alipodhoofika alianza kuutumia udhaifu ule kwa faida yake, akidai fedha, na kumtendea kwa ukali. Siku moja, mwanzoni mwa mwaka 1802, likatukia jambo ambalo Kant aliona aibu hata kulieleza. Basi Lampe akaachishwa kazi. Lakini hakufukuzwa mikono mitupu. Alipewa posho ya kila mwaka, kwa ajili ya miaka ile yote aliyotumika. Tunapenda wasomaji wetu waangalie pande zote mbili. Mgonjwa asiyeweza kujitetea asiachwe katika mikono ya mtu anayemdhulumu, hata kama mtu yule ni wa nyumbani tangu zamani. Wala yule mtumishi naye asisahauliwe. Kwa maana kumtunza mgonjwa wa namna hii peke yake, mchana na usiku, ni mzigo unaoweza kumvunja hata mtu mwema, sembuse mtu aliyekwisha kudhoofika.

Mtumishi mpya aliitwa Johann Kaufmann. Wasianski alimfundisha desturi zote za nyumba kwa uangalifu mkubwa, hata namna ya kuandaa meza ya chai. Kwa kuwa mzee, hata kama hakumbuki desturi, alisumbuka mara moja ikigeuzwa. Siku ya kwanza Wasianski mwenyewe alifika alfajiri kusaidia. Mzee akaanza kunywa chai, lakini akaonekana hana raha, wala hakujua kwa nini. Mwisho akaweza kueleza ya kuwa kwa muda wa miaka 50 na zaidi amekunywa chai yake peke yake, na kwamba kumwona mtu mbele yake kunamtaabisha. Akamwomba rafiki yake kwa upole aketi nyuma yake, asimwone. Wasianski akafanya hivyo, na mzee akatulia, akanywa.

Kwa muda mrefu Kant aliendelea kumwita Kaufmann kwa jina la Lampe. Jambo hilo likamsikitisha, akaandika katika kijitabu chake ya kuwa jina la Lampe sharti lisahauliwe kabisa. Wengi wamecheka kwa habari hiyo, kwamba mtu aliandika ukumbusho wa kusahau. Sisi hatucheki. Twamwona mtu aliyejua ya kuwa akili yake inamkimbia, naye anapigana nayo kwa silaha aliyobaki nayo, yaani kalamu.

Usiku nao ulikuwa na taabu zake. Aliota ndoto za kutisha, akaamka akidhani wanyang'anyi wanazunguka kitanda chake. Tangu ujana wake hakupenda mtu alale katika chumba chake. Sasa ikawa lazima mtumishi alale karibu naye, ili akiamka kwa hofu aone uso anaoujua. Fedha na hesabu pia zilimshinda, na Wasianski akazichukua zote mkononi mwake kwa uaminifu, asijitajirishe kwazo.

Rafiki zake hawakuivunja meza ile. Wageni walipunguzwa, lakini walikuja. Walijifunza kuzungumza naye kwa namna aliyoiweza. Na hapa waligundua jambo la ajabu. Mzee aliposhindwa kabisa kuzungumza mambo ya kila siku, akaviita vitu kwa majina yasiyo yake, hata wageni wasimwelewe, mtu akimwuliza habari za elimu ya viumbe, au za mwendo wa sayari, alijibu sawasawa. Siku chache tu kabla ya kufa kwake waliuliza habari za watu wa Afrika ya Kaskazini. Akawaeleza desturi zao, tena akawafundisha jinsi jina la Algiers lipaswavyo kutamkwa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, lakini mwingine ulikuwa wazi bado, nao waliutafuta mpaka wakauona.

Katika majira ya joto walimtoa nje ya mji, apate hewa na kuona miti. Kila mara alisema anataka safari iwe ndefu, na kila mara, kabla hawajafika mbali, alitaka kurudi nyumbani. Wakamrudisha bila kumlaumu. Jambo lililompendeza kuliko yote lilikuwa ndege mmoja mdogo aliyeimba mbele ya dirisha lake kila mwaka baridi ilipokwisha, naye alimngoja kwa hamu.

Mwaka 1803 alikuja kumtazama Reinhold Bernhard Jachmann, mwanafunzi wake wa zamani aliyempenda sana. Kant hakumtambua. Mtu yule aliumia moyoni, kama wanavyoumia wengi ambao baba au mama amewatazama usoni asiwajue. Mwaka huo huo Wasianski alimwita Katharina Barbara, dada yake Kant, mjane maskini aliyekuwa akiishi katika nyumba ya wazee ya mji. Kant alikuwa amemsaidia kwa fedha, lakini kwa muda wa miaka mingi hawakuonana, ingawa walikaa mji mmoja. Sasa dada akaja kuketi karibu na kiti cha ndugu yake. Mwanzoni hakumjua. Mwanamke huyu hakuwa na elimu ya vitabu, lakini alikuwa na uvumilivu na upole, na katika miezi ile ya mwisho vilimfaa ndugu yake kuliko elimu.

Tarehe 8 Oktoba 1803 Kant aliugua ghafula, akaanguka na kuzimia. Akapona kidogo, lakini hakurudia nguvu zake. Mwezi wa Desemba hakuweza tena kutia sahihi ya jina lake. Jicho lake moja lilikuwa limepofuka tangu zamani, na la pili nalo likafifia.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake hasa tumeandika habari hii. Siku tisa kabla ya kufa kwake daktari alikuja kumtazama, naye alikuwa mkuu wa chuo kikuu wakati ule. Kant akainuka katika kiti chake, akasimama akitetemeka kwa udhaifu, akanung'unika maneno yasiyofahamika juu ya kazi nyingi, na wema, na shukrani. Daktari alimsihi aketi, lakini hakuketi. Wasianski, ambaye alikwisha kuijua lugha ile iliyovunjika, akamfasiria daktari: mzee amshukuru kwa kuja, ijapokuwa ana kazi nyingi na kubwa, wala hawezi kuketi kabla mgeni hajaketi. Daktari alisita kuamini. Akaketi, ndipo Kant naye akaketi. Kisha mzee akakusanya nguvu zake zote, akasema kwa maneno yaliyosikika vizuri ya kuwa hisia ya utu haijamwacha bado. Walioona mambo hayo walilia machozi.

Baada ya hapo hakukaa siku nyingi. Siku ya mwisho kabla ya kufa Wasianski alimwuliza kama anamjua. Hakuweza kujibu, bali aliinua midomo yake ili ambusu. Usiku ule rafiki yake alimnywesha divai iliyochanganywa na maji na sukari, naye akasema kwa sauti ndogo ya kuwa ni vema. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Akafa tarehe 12 Februari 1804, karibu saa tano mchana, akiwa na miaka 79. Ilikuwa baridi kali. Tarehe 28 Februari walimzika katika kanisa kuu la mji, kengele za mji wote zikilia, na watu wengi mno wakifuata. Mwaka ule ule Wasianski aliandika kitabu juu ya miaka ile ya mwisho, na mambo mengi tuliyosimulia yatoka kwake.

Ndugu wasomaji, katika siku za Kant watu hawakuujua ugonjwa huu. Walisema ni uzee. Kant mwenyewe alidhani ya kuwa umeme wa angani ndio unaomkandamiza kichwa, wala hakukubali kuambiwa vingine. Miaka 102 baada ya kufa kwake, yaani mwaka 1906, daktari Mjeremani Alois Alzheimer alieleza mbele ya madaktari wenzake mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke mmoja aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu kabla ya kufa, naye hakuwa mzee sana. Mwaka 1910 daktari Emil Kraepelin aliuita ugonjwa ule kwa jina la Alzheimer. Leo madaktari hutumia neno dimensia kwa magonjwa kadha wa kadha ya ubongo yanayoharibu kumbukumbu, na usemi, na uamuzi, na uwezo wa kujitunza. Na huo wa Alzheimer ndio ulio wa kawaida kuliko yote. Shirika la Afya Duniani lilihesabu ya kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama hizi zetu.

Basi ni ugonjwa. Wala si kila mzee hupatwa nao. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini kusahau kwingine hutokana na mambo yanayotibika, kama upungufu wa vitamini, au ugonjwa wa tezi ya shingo, au huzuni nzito, au dawa zisizompatana mgonjwa; kwa hiyo mzee aliyebadilika apelekwe hospitali akapimwe. Mganga wa ramli hawezi kumtambua aliye na ugonjwa wa ubongo. Katika sehemu nyingine za nchi zetu mwanamke mzee anayezungumza peke yake, au anayepotea njia usiku, huitwa mchawi, na wako waliouawa kwa tuhuma kama hizo. Jambo hili ni dhambi kubwa, nasi wachungaji na wazee wa kanisa hatuna ruhusa ya kunyamaza tukisikia linaanza kunong'onwa katika usharika.

Mengine twaweza kujifunza kwa shemasi yule. Tusibishane na mgonjwa juu ya siku, au juu ya watu waliokwisha kufa. Tumfuate alipo, na kumwelekeza kwa upole. Tushike desturi zake: kiti chake, kikombe chake, saa yake ya kula, njia yake ya kwenda shambani, nyimbo alizoimba tangu utoto, kwa maana mara nyingi nyimbo hubaki maneno mengine yakiisha kupotea. Tutengeneze nyumba mapema, moto na kisima vizibwe, kabla hajaumia. Tumweleze jirani na mwenye duka, ili wakimwona anatangatanga wamshike mkono na kumrudisha. Mali yake itunzwe na mtu mwaminifu, wengine wakijua. Na asiachiwe binti mmoja au mkwe mmoja mzigo wote. Akina mama wa usharika, na vijana pia, wapeane zamu, huyu akae naye kutwa moja, yule siku nyingine, ili mtunzaji naye apate kulala, na kwenda sokoni, na kufika ibadani.

Na mgonjwa mwenyewe asifichwe ndani. Meza ya Kant haikuvunjwa kwa kuwa mwenye meza amesahau majina ya wageni. Aliyekuwa mzee wa kanisa, au mwalimu wa watoto, au kiongozi wa kwaya, aendelee kuketi mahali pake siku ya Jumapili, na tumsalimu kwa heshima ile ile tuliyomsalimu nayo zamani. Akikosa jina letu, sisi tunalijua lake. Daktari yule wa Königsberg aliketi kwanza ili mzee aliyechoka apate kuketi. Lilikuwa jambo la dakika moja, na kwa jambo hilo heshima ya mtu yule ililindwa katika siku alipokuwa hawezi tena kuilinda mwenyewe. Kila mmoja wetu aweza kufanya jambo kama hilo wiki hii, katika nyumba anayoijua.